Mgogo Aliyekwenda Pwani Kuomba Hewa

Mwaka ule watu wote walikuwa wanahamia Dodoma, sisi tukahama. Malori yalikuwa yanaingia mjini yamejaa makabati na majokofu ya watumishi wa serikali, yanashusha, halafu dereva anahangaika kutafuta mzigo wa kurudi nao. Nilimpata mmoja pale Miyuji, nikamwambia nahamisha familia naenda Pangani. Akaniangalia kama mtu anayetoka harusini kabla pilau haijapakuliwa.

"Mzee, mji ndiyo unakuja huku," akasema. "Wewe unaukimbia?"

Nikamwonyesha vitanda kwa kidole, apakie. Maelezo nilikuwa nayo. Pumzi ya kuyatoa ndiyo sikuwa nayo.

Ninaandika haya kwa wachimba visima, wavunja kokoto na watoboa miamba, na kwa wake zao wanaowasikia wakikohoa wakadhani ni baridi. Shule niliishia darasa la tatu pale Mlali, wilaya ya Kongwa, kwa hiyo asitafute mtu majina ya kitaalamu humu. Mwanangu Nyemo, ambaye ni mwalimu, amezinyoosha herufi zangu. Maneno nimemkataza kuyagusa.

Mimi nilitoka Mlali na sururu begani, sina kingine. Miyuji nimeikuta ni miiba na fisi. Kila nilichonacho kimetoka chini ya ardhi, kwa mkono huu. Kwetu Dodoma maji hayaji kukusalimia, yanafuatwa. Unachimba udongo mwekundu, unachimba changarawe, halafu unagonga mwamba. Wachimbaji wengi wakifika kwenye mwamba wanadai chao wanaondoka. Mimi hapo ndipo nilikuwa naanza. Kwanza kwa mtaimbo na nyundo, miaka mingi, baadaye nikanunua mashine ya kutoboa. Mashine ile ikiingia kwenye jiwe kavu inatoa vumbi jeupe, laini kama sembe. Linakaa kwenye nyusi, linakaa masikioni, ukinywa uji unalitafuna. Nikipandishwa juu kwa kamba watoto wa mtaani walikuwa wanakimbia wakidhani ni mzimu, na mimi nacheka. Vumbi lile tulilifanyia mzaha miaka yote.

Mwanangu wa kwanza, Daudi, alishuka na mimi shimoni kabla hajaota ndevu. Akawa fundi kunizidi. Hilo nilikuwa nalisema kila mahali, hata kanisani.

Ugonjwa wangu haukuanza na kikohozi. Kikohozi nilikuwa nacho siku nyingi, nilikichukulia kama sehemu ya kazi, kama sugu za mikononi. Ulianza na salamu. Tulikuwa tunachimba kisima kwenye shamba la zabibu Makutupora, msimu wa kupogoa. Nimetoka shimoni, nimekaa kwenye ndoo niliyoifudikiza. Binti mmoja wa wapogoaji akapita na mkasi wake, akainama kidogo: "Shikamoo babu." Nikafungua mdomo. Marahaba ikakataa kutoka. Neno lilikuwepo, hewa ya kulisukuma haikuwepo. Akasubiri kwa adabu, kisha akaenda zake. Jioni ikanifikia habari kwamba mzee wa visima ana dharau, fedha zimempanda kichwani. Nikawaacha waamini hivyo. Afadhali nionekane nina dharau kuliko nionekane nimekwisha.

Zabibu zile hazijaiva, mwili ukaanza kunitoroka. Suruali ikataka kamba. Mifupa ya mabega ikatokeza kama pembe za ndama. Nikilala chali nazama, kwa hiyo nikawa nalala nimekaa, nimeegemea gunia la uwele. Kuinama kukawa ndiyo safari kubwa kuliko zote. Asubuhi moja nimekaa kitandani navitazama viatu vyangu, mke wangu Sechelela akaja, akapiga magoti, akanifunga kamba, akaondoka kwenda kukamua.  Ingekuwa bora angenitukana.

Hospitali Dodoma sisi tunaokohoa tulikuwa tunakalishwa nje, chini ya bati, kwenye benchi refu, kila mtu na barakoa yake. Watu wanaopita wanakwepa upande ule kama wanapita karibu na mbwa. Wote tunadhaniwa tuna kifua kikuu mpaka tuthibitishe vinginevyo. Unatema kwenye kikopo, unaambiwa rudi. Unarudi, unaambiwa tema tena. Unapigwa picha ya kifua, anayeisoma hayupo. Benchi lile nililijua mpaka misumari yake.

Hapo nilikutana na mzee mmoja wa Chemba, Msandawe, mfuga nyuki. Kiswahili chake na changu vyote ni vya kujifunzia ukubwani, hatukuwa na mengi ya kuambizana. Akaniona ninavyohangaika, napanua kifua, natazama juu kama kuku anayekunywa maji. Akanigusa goti. Akaweka viwiko vyake juu ya magoti yake, akainamia mbele, akaniashiria nifanye vile. Nikafanya. Kifua kikalegea kidogo, kama mtu amenipokea mzigo upande mmoja. Tukakaa vile, wazee wawili tumeinama kama tunatafuta shilingi chini. Sijamwona tena. Wewe unayesoma, ukibanwa, kaa kama yule mzee.

Siku ya majibu daktari alikuwa kijana, umri wa Nyemo. Akaiweka picha yangu kwenye mwanga.

"Mzee, hii siyo TB. Ni vumbi la mawe. Limeingia kwenye mapafu, limetengeneza makovu."

Nikamwuliza linatolewaje.

"Halitolewi. Tunalinda kilichobaki. Na wewe uliache vumbi kabisa, siyo upunguze." Akaandika, kisha akainua macho. "Nani mwingine anashuka na wewe?"

 Nje ya mlango, Daudi aliyekuwa ameshika koti langu na kadi yangu, akakohoa.

Daktari akautazama mlango. Akamwita ndani, naye akapigwa picha. Wakati ule tunasubiri nilikaa kwenye benchi nikasahau kifua changu. Picha ikatoka. Mapafu ya Daudi bado yalikuwa mazima, daktari akasema, ila akaongeza kwamba na yangu yalikuwa mazima hivyo hivyo nikiwa na umri wake, na akiendelea atalifuata benchi langu. Daudi akacheka tulipotoka. Akasema daktari mwenyewe hajawahi kushika hata koleo.

Basi, ningekuwa nahama kwa ajili ya pumzi zangu ningehama peke yangu, au nisingehama. Nilitaka kumtoa Daudi shimoni. Na mimi najua njia moja tu ya kufanya jambo: ng'oa lote. Nikaiuza mashine kwa mchimbaji mmoja wa Miyuji bila kumshauri mtu. Nyumba nikampangisha mtumishi mgeni. Nyemo alikuwa anafundisha karibu na Pangani, akatutafutia nyumba kule, mji mdogo, kimya, hauna vumbi, na watu husema hewa ya pwani ni dawa ya kifua. Ni nani aliyenithibitishia? Hakuna. Watu tu husema, nami nilitaka kusikia.

Daudi alipokuta mashine haipo hakuzungumza na mimi hadi tunaondoka. Kwa mama yake ndiko alikosema: Baba ameuza mkono wangu wa kulia.

Sechelela yeye aliyasema mbele yangu. Niliagiza na ng'ombe wote wauzwe. Sasa kwetu ng'ombe hawawekwi pamoja. Unawagawa kwa ndugu na marafiki, huyu Kongwa, huyu Bahi, huyu huko mbali, ukame ukipiga huku, kule wanabaki wa kuanzia. Mtoto wa Kigogo analijua hilo kabla hajajua kuvaa kaptura.

"Baba Daudi," akaniambia, "uliona wapi Mgogo mwenye akili akaweka ng'ombe wote zizi moja?"

Nikasema ugonjwa ndio umeamua.

"Ugonjwa wako uko kifuani. Hauko kwenye ng'ombe wangu."

Akawapeleka wale wa kwake kwa kaka yake Mlali. Nilinuna njia nzima. Tulisafiri mimi na yeye, Daudi na mkewe Ester na wajukuu wawili, tukiwa na lori la watu wanaokwenda kinyume na nchi nzima.

Pangani nitaisema kama ilivyonipata. Hewa yake ni nzito, imelowa, unaivaa kama blanketi lililofuliwa jana. Wiki za kwanza nilibanwa kuliko Dodoma. Mlenda mkavu alioubeba Sechelela kwenye gunia ukaota ukungu, akaumwaga huku ananitazama mimi. Nguo hazikauki. Bawaba zinaota kutu. Kila chakula kina nazi. Wajukuu tu ndio walioshukuru.

Na ule ukimya. Jamani, ukimya unachosha. Mimi ni mtu wa kuamka alfajiri nikiwa tayari nimekasirikia kazi. Kule jua likipanda duka linafungwa, mwenye duka analala. Nikawa nazunguka uani. Nikitoka, natembea hadi kivukoni, napumzika kwenye kila ukuta, nakaa natazama pantoni ikivusha magari mtoni. Inakwenda, inarudi. Nikaanza kuwaelekeza wapanga magari jinsi ya kuyapanga. Wakanivumilia. Nikirudi nyumbani nafungua mlango, naufunga, nauliza Daudi yuko wapi. Daudi amelala. Daudi amekaa barazani na simu. Nilimtoa shimoni, lakini sikuwa na pa kumweka.

Jirani yetu alikuwa Bi Mwanaidi, mama mtu mzima, muuza vitumbua. Asubuhi moja nimesimama mbele ya meko yake navuta pumzi kwa nguvu, mabega yanapanda yanashuka. Akanitazama.

"Lakini ninyi Wagogo kwa kuomba hamjambo," akasema. "Wenzako wanakwenda Dar kuomba shilingi. Wewe umekuja na lori zima kuomba hewa."

Wateja wake wakacheka hadi kitumbua kikaungua. Sechelela ndiye aliyecheka kuliko wote. Utani huu tumeuzoea, nchi nzima inatutania hivyo, na mtu mwenye akili anacheka na kujibu. Mimi sikucheka. Sijawahi kumwomba mtu kitu tangu niache ziwa la mama. Niliondoka pale, na kwa siku kadhaa kitumbua chake nikawa nakila kwa kuletewa, kwa kujifanya sijui kimetoka wapi.

Maji ya bomba uani kwetu yalikuwa yanakuja yanavyotaka. Nikasema tutachimba kisima. Hapo ndipo nilimwona Daudi akisimama kama mtu. Ardhi yenyewe mchanga mbichi, hakuna mwamba mkavu, hakuna vumbi, nikaona hakuna ubaya. Nikawekewa kiti cha plastiki pembeni, Daudi akashuka na koleo. Shimo halijapita mabega yake, maji yakaanza kububujika miguuni. Bi Mwanaidi akachungulia juu ya ua, mikono ina unga.

"Acheni hapo hapo," akasema. "Tieni pete za zege mjengee. Hayo ndiyo matamu."

Nikamwambia, bibi, hicho siyo kisima, hilo ni dimbwi. Kwetu mtu akikuta maji mabegani anajua ni maji ya mvua yaliyopotea njia. Kisima kizuri ni kirefu. Maji ya kweli yako chini.

"Haya, Mgogo," akasema, akarudi kwenye vitumbua.

Daudi akaniangalia kutoka chini. Alikuwa ameyaonja. Nikamwambia chimba. Tukaazima pampu ya kuvuta maji, tukateremsha pete, Daudi akachimba, mimi natoa amri za neno mojamoja kwa sababu mawili hayatoki. Tulipopita urefu wa mtu na nusu nikataka ndoo iletwe. Nikanywa mbele ya watu, kwa majivuno, kama nilivyofanya maisha yangu yote.

Chumvi. Chumvi ya kuhifadhia nyama.

Kumbe pwani ni kinyume. Maji matamu yamelala juu, bahari imelala chini yake, ukipita unaifungulia mlango. Hata watoto wa pale wanajua. Kabla ya adhuhuri mji mzima ulikuwa na habari, na Bi Mwanaidi alikuwa ameshaipa maneno: yule mzee wa Dodoma kachimba bahari uani kwake.

Daudi aliumia zaidi yangu. Yule aliyenunua mashine yangu Miyuji alikuwa anampigia simu muda wote, hana fundi wa mwamba, Dodoma visima vinatakiwa kila kiwanja. Siku mbili baada ya ile chumvi, tumekaa mkekani tunakula mchana, Daudi akasema keshokutwa anapanda basi. Anarudi kwenye mashine.

Nilinyanyuka nimkaripie. Nakumbuka nimesimama, kidole kiko hewani, mdomo uko wazi. Kifua kikafunga kama mlango uliopigwa na upepo. Navuta, haingii. Navuta zaidi, ndiyo kabisa. Kucha zangu niliziona zinageuka rangi ya zabibu. Niliyemwona wa mwisho vizuri ni Ester akiwafunika watoto macho. Walinitia kwenye bajaji, Daudi amenipakata kama mtoto, na jasho langu limemlowesha shati.

Hospitali waliniwekea mipira puani, mtungi wa oksijeni pembeni. Kulikuwa na nesi anaitwa Zawadi, Mzigua, mdomo hauna breki. Aliponiuliza kabila akasema sisi watani, hivyo nisitegemee huruma kwake. Kwamba Wagogo na Wazigua ni watani mimi sikuwahi kusikia, lakini mtu mwenye mipira puani habishani. Kesho yake akaja na dawa yangu ya kuvuta kwa mdomo, ile ya kipampu niliyoandikiwa Dodoma, na chupa tupu ya maji ya kunywa. Akaikata tundu kitakoni, akachomeka kile kipampu, mdomo wa chupa akanitia kinywani. Dawa ilikuwa inaishia kwenye ulimi siku zote, kwa chupa ile ndiyo ikashuka kifuani. Chupa ya kuokota! Mpaka leo naitumia, nimebadilisha nyingine tu.

Halafu akanitazama ninavyopumua, akatikisa kichwa.

"Mzee, wewe unavuta kama unateka maji kwenye kisima kirefu. Ndani kumejaa hewa iliyochakaa, hii mpya itakaa wapi? Acha kuvuta. Toa."

Nikamwambia sina cha kutoa.

"Unacho. Bana midomo. Toa polepole, kama unapoza uji wa mtoto. Ikiisha, nyingine itaingia yenyewe. Hutaiomba."

Nilidhani ananichezea. Nikajaribu ili aondoke. Nikapoza uji usiokuwepo, nikapoza, nikapoza, mpaka nikaogopa kwamba nimeimaliza yote na sasa nakufa. Kisha hewa ikaingia. Haikuvutwa na mtu. Nikafanya tena. Mchana ule wote nilikuwa sina kazi nyingine, na ilikuwa kazi ngumu kuliko mwamba wowote, kwa sababu mwamba unapigana nao, hii unaiacha.

Saa ya kuona wagonjwa Daudi akaja na mama yake. Amebeba chupa ya uji. Begi lake, Sechelela alinieleza baadaye, lilikuwa limefungwa tayari liko nyumbani. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akazungumza akiitazama sakafu.

"Baba, mimi kazi yangu ni ile. Hapa mimi ni nani? Wananiita mtoto wa Mgogo wa chumvi. Nitakwenda, nitatuma dawa zako. Nikichoka nitarudi."

Maneno ya kumjibu nilikuwa nayo mengi. Nilikuwa na amri, nilikuwa na laana moja ya babu yangu, nilikuwa na habari ya nani alimfundisha kushika mtaimbo. Pumzi nilikuwa nayo ya neno moja. Nikabana midomo, nikatoa ile iliyochakaa, nikangoja nyingine iingie.

"Nakuomba," nikasema.

Akainua uso. "Unasemaje?"

"Nakuomba, Daudi. Usishuke."

 Akamtazama mama yake, kama mtu aliyesikia ng'ombe anasema. Akaweka chupa ya uji juu ya kabati, akatoka nje. Nikajua nimempoteza, na juu ya hayo nimejidhalilisha. Sechelela akamimina uji, akanishikia kikombe.

Daudi akarudi wageni wanapoambiwa watoke. Macho mekundu, lakini anatabasamu upande mmoja.

"Nimekaa pale nje nikawaza," akasema. "Wewe hata maji ya kunywa hujawahi kumwomba mama. Huwa unasema lete."

"Ni kweli," Sechelela akasema.

"Sishuki, baba. Lakini nitakula nini?"

 Jibu alikwenda kulitafuta mwenyewe, na mahali alipokwenda ni kwa Bi Mwanaidi. Alimsalimia, akakaa kwenye kigoda chake, akamwambia nimekuja unifundishe. Mama yule akaacha vitumbua vyake. Wakaifukia bahari yangu kwa mchanga, wakahama pembeni, Daudi akachimba hadi mabegani, akaonja, akatia pete, akaacha. Maji matamu. Nilipotoka hospitali nikapewa kikombe cha kwanza. Nilikunywa nikanyamaza, na Bi Mwanaidi naye akaniheshimu akanyamaza, ila kidogo tu.

"Leo hujaomba," akasema. "Leo umepewa."

Safari hii nilicheka. Kikohozi kikanishika, lakini nilicheka.

Yule wa mashine alipopiga simu tena, Daudi alimwambia akitaka fundi atoboe kwa maji, jiwe likiwa limelowa, na watu wavae barakoa za kazi, vinginevyo akatafute yatima asiye na baba wa kumzuia. Mwenzake akakata simu. Sasa Daudi anachimba visima vya mabegani Pangani na vijiji vya jirani, mchanga mbichi, pete za zege. Havina fahari. Watoto hawakimbii wakimwona. Kila mwaka anapigwa picha ya kifua, na picha hiyo mimi ndiye ninayeishika tukiwa kwenye benchi.

Mimi sijapona, na nisimdanganye mtu. Hiki kitu hakiponi. Kilichonisaidia siyo bahari; ni kuacha vumbi, ni dawa kwa ile chupa, ni kupoza uji. Kwa hiyo usiuze ng'ombe wako ukakimbilia pwani kwa sababu umesoma habari za mzee fulani. Nenda ukapigwe picha. Ukiambiwa siyo TB usishangilie ukarudi shimoni. Kama una mwanao unashuka naye, mpeleke siku hiyo hiyo, usingoje akohoe. Na mwamba utobolewe umelowa. Maji ndiyo unayoyatafuta, basi tangulia nayo.

Kutulia pia sijatulia. Viatu navifunga mwenyewe, nimeviweka juu ya kigoda, lakini nikishafunga nataka kwenda mahali. Zizi moja lilinishinda, Sechelela alikuwa amesema kweli. Ng'ombe wake walizaa Mlali huku wangu nimewauza. Sasa tunaishi kama wale ng'ombe wetu, tumegawanywa. Kiangazi, upepo wa Dodoma ukianza kuinua ardhi, mimi niko Pangani. Mvua zikishuka na vumbi likalala, napanda basi naenda Mlali kwa Sechelela, yeye akiwa ametangulia kupanda uwele. Kliniki ya Dodoma naiendea nikiwa kule. Benchi ni lile lile. Nikimkuta mtu anatazama juu kama kuku, namgusa goti, naweka viwiko.

Mwaka huu nilifika Mlali mvua ya kwanza imeshanyesha, udongo umekuwa mwekundu sana na nyasi zimechomoza. Watoto wa shemeji wakanikimbilia. "Shikamoo babu." Nikabana midomo, nikatoa, nikangoja. Walingoja pia, wameambiwa. Marahaba ikatoka nzima.

Jana nilikuwa nimekaa mlangoni, Sechelela anapepeta, simu ikalia. Ni Daudi, sauti inatoka shimoni, naijua sauti ya shimoni.

"Baba, nimefika maji."

"Shimo limefika wapi?"

"Mabegani."

Ulimi wangu ulikuwa umeshafunguka kusema chimba. Sechelela akaacha kupepeta, akanitazama.

"Onja," nikasema.

 Nikasikia anasukutua, anameza.

"Matamu."

"Basi," nikamwambia. "Toka humo, mwanangu."